Asiyejiamini Asikimbie Msingi

Kila mwaka vyuo vyetu vikuu vinapofungua milango, vijana wanaosoma taaluma ya kompyuta huketi na orodha ya masomo mkononi, wakitia alama yale watakayosoma katika muhula unaoanza. Masomo mengine ni ya lazima, na juu ya hayo hawana la kusema. Mengine ni ya hiari, na hapo ndipo kijana anapojiamulia mwenyewe. Kwa mtazamo wa juu juu, hili ni jambo dogo linalomhusu mwanafunzi na mshauri wake wa masomo. Sisi tunasema si dogo hata kidogo. Katika kutia alama zile, kijana anaamua atakuwa mtaalamu wa namna gani. Na maelfu ya alama hizo zikijumlishwa, zinaamua Taifa letu litakuwa na wataalamu wa namna gani.

Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba wengi wa vijana hao huchagua kwa kuongozwa na hofu. Swali la kwanza wanalouliza kuhusu somo fulani si kwamba litawafundisha nini. Huuliza kama somo hilo lina kuandika programu nyingi. Wakiambiwa ndiyo, huliruka. Mabwenini hupita orodha isiyoandikwa popote, ya masomo yanayosemekana kwamba "yanaua", na kila mwaka wanaotangulia huwarithisha wanaofuata orodha hiyo pamoja na madesa yao. Kijana ambaye hajawahi kuandika programu moja ikafanya kazi husikia habari za "sapu" na za "kudisko" kabla hajamsikia mhadhiri. Akifika mbele ya orodha, uamuzi umekwisha kufanywa na hofu.

Tunaandika haya kwa walimu na watumishi wa umma kwa sababu jambo hili lipo mikononi mwao kuliko wanavyodhani. Wao ndio waliomfundisha kijana huyo kabla hajafika chuoni. Wao ndio wazazi na walezi anaowapigia simu usiku akiomba ushauri. Na wao ndio watakaompokea ofisini, akiwa na cheti mkononi, wakimtarajia aulinde mfumo ambao mishahara, dawa na kodi za wananchi hupitia humo.

Kwanza yatupasa tutende haki. Hofu ya vijana hawa haikuzuka hewani, wala si uvivu kama baadhi ya wakubwa wanavyopenda kusema. Tumchukue kijana aliyesoma sekondari ya kata ambako kompyuta ilikuwa moja, ikakaa ofisini kwa mkuu wa shule, chini ya kitambaa cha kuzuia vumbi. Kijana huyu amefaulu hisabati na fizikia kwa jasho lake. Anafika chuoni na kuketi jirani na mwenzake aliyekuwa na kompyuta nyumbani tangu shule ya msingi. Katika wiki ya kwanza mhadhiri anaeleza jambo. Jirani anaitikia kwa kichwa na kuuliza swali lenye maneno matano ambayo kijana wetu hajapata kuyasikia. Katika wiki ya tatu kijana wetu ameshahitimisha kwamba yeye hana kipaji. Hakuna aliyempima, wala hajashindwa mtihani wowote. Amejilinganisha tu na mtu aliyeanza safari miaka minane kabla yake, akadhani kutangulia ndiko kuwa na akili zaidi.

Hapa pana kosa la hoja, na ni wajibu wetu kulifichua. Kutojiamini ni jambo moja na kutoweza ni jambo jingine. Yapo mataifa yaliyolichunguza suala hili kwa makini. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilichoko Pittsburgh nchini Marekani, watafiti Jane Margolis na Allan Fisher walitumia miaka kadhaa, kuanzia mwaka 1995, kuwahoji wanafunzi wa sayansi ya kompyuta, wanawake kwa wanaume. Waligundua kwamba wengi wa wanawake waliofika bila uzoefu wa kuandika programu walipoteza imani yao mapema, hata pale walipokuwa wakifanya vizuri darasani. Waligundua pia kwamba uzoefu wa awali haukuwa kipimo cha nani angefaulu mwishoni. Chuo kikaacha kuutukuza uzoefu huo katika kuchagua wanafunzi, na kikaweka milango zaidi ya mmoja ya kuingilia somo la kwanza, kulingana na alipofikia kila mwanafunzi. Wanawake waliokuwa asilimia 7 ya wanafunzi wapya mwaka 1995 walifikia asilimia 42 mwaka 2000.

Chuo kingine, Harvey Mudd, kilichoko California, kilifuata njia iliyo jirani na hiyo kuanzia mwaka 2006. Walilibadilisha somo la kwanza la kompyuta. Waliacha lugha ya Java na kuchukua Python, ambayo ni nyepesi zaidi kwa anayeanza. Jambo kubwa zaidi ni kwamba waliwatenga wenye uzoefu na wasio na uzoefu katika makundi mawili, ili wanaojua wasiwatishe wasiojua. Katika muda wa miaka mitano hivi, sehemu ya wanawake miongoni mwa waliochagua kubobea katika taaluma hiyo ilipanda kutoka karibu asilimia 10 hadi karibu asilimia 40. Wasichana hawakuzaliwa upya katika miaka hiyo, wala bongo zao hazikubadilishwa. Kilichobadilika ni mazingira ya kujifunzia. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Na katika darasa la kompyuta, kelele za anayejua kidogo mapema zimewafukuza wengi ambao wangejua mengi baadaye.

Kwa nini tulishughulike jambo hili katika ukurasa wa maoni wa gazeti la Chama? Kwa sababu nchi yetu imekwisha kulipa gharama ya kuwa na mashine bila kuwa na watu wanaozielewa. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Katika miaka iliyofuata, hesabu za Serikali zikaingizwa katika mashine zilizotoka nje, chini ya uongozi wa wataalamu waliotoka nje, huku Watanzania wenye ujuzi wa kuzisimamia wakiwa wachache mno. Hesabu zikavurugika. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uagizaji wa kompyuta kutoka nje, isipokuwa kwa kibali maalumu, na ilichukua miaka mingi kabla ya vizuizi hivyo kulegezwa na kuondolewa.

Wapo wanaoucheka uamuzi huo leo. Sisi hatuucheki. Taifa changa lililokuwa likitumia fedha zake chache za kigeni kununua kitu kisichoeleweka lilikuwa na haki ya kusita. Lakini yatupasa tukiri kwamba marufuku haikuwa dawa ya ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ulikuwa upungufu wa watu wetu wenye uwezo wa kuifungua mashine, kuisoma kazi yake na kusema kwa uhakika: hapa pana kosa, na kosa ni hili.

Leo tuna ushahidi wa kinyume chake. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya anaijua namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mwananchi hupewa alipie ada, leseni au ushuru kwa simu. Mfumo unaoitoa namba hiyo, GePG, ulianza kazi mwaka 2017 na ulijengwa na wataalamu wa Kitanzania. Mfumo wa ulipaji serikalini, MUSE, uliochukua nafasi ya programu ya uhasibu iliyonunuliwa nje, nao ulijengwa na vijana wetu. Vivyo hivyo mfumo wa ununuzi wa umma, NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Katika Wizara ile ile ambamo mashine ya kigeni ilitushinda mwaka 1974, sasa Watanzania huandika programu zao wenyewe, na zikiharibika huzitengeneza wenyewe. Tofauti ya nyakati hizi mbili haipo katika ukubwa wa mashine. Ipo katika idadi ya watu ambao, walipokuwa wanafunzi, hawakulikimbia somo gumu.

Baada ya kueleza hivyo, hatuna budi kueleza pia hasa ni nini kinachoogopwa. Wengi hudhani kwamba kuandika programu ni kukariri alama za ajabu kwa lugha ya Kiingereza. Alama zipo, lakini hizo ni nguo tu. Mwili wenyewe ni kupanga hatua za kutatua jambo, kwa ukamilifu na kwa mfuatano usio na pengo, hata mtu asiyejua lolote aweze kuzifuata akafika. Wataalamu huuita mpangilio huo algorithimu. Mwaka 1956 Mholanzi Edsger Dijkstra, ambaye chuoni alisoma fizikia, aliketi katika mkahawa mmoja mjini Amsterdam pamoja na mchumba wake, akafikiri jinsi ya kupata njia fupi kuliko zote baina ya miji miwili. Alipata jibu kwa muda wa dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi, seuze kompyuta. Jibu hilo lilichapishwa mwaka 1959, na hadi leo limo katika vitabu vya taaluma hiyo duniani kote na ni shina la njia nyingi za kutafutia barabara.

Na tusidhani kwamba fikra za namna hiyo ni za Wazungu wa mikahawani. Karani wa masijala anazo. Tuseme ana majalada 1,000,000 yaliyopangwa kwa namba, naye anatakiwa kutoa moja. Akianza la kwanza akaenda la pili na la tatu, atazeeka humo. Lakini akifungua la katikati, akaona kama namba anayoitafuta iko kabla au baada, akaitupa nusu isiyohusika na kurudia hivyo hivyo katika nusu iliyobaki, hatafungua zaidi ya majalada 20. Huo ndio utafutaji ambao mwanafunzi wa kompyuta hufundishwa katika mwaka wake wa kwanza au wa pili. Mwalimu mkuu msaidizi anayepanga ratiba ya vipindi, akihakikisha kwamba mwalimu mmoja hawekwi katika madarasa mawili kwa saa moja, anafanya kazi ambayo kompyuta nayo huitolea jasho. Aliyelelewa na watu wa namna hiyo hana sababu ya kuamini kwamba fikra hizi ni za ukoo mwingine.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Kijana asiyejiamini afanye nini anapopewa orodha? Hatumwambii ajitupe mtoni kwa sababu tu Taifa linahitaji waogeleaji. Tunamwambia achague kwa utaratibu.

Jambo la kwanza ni kutenganisha msingi na matawi. Msingi wa taaluma hii ni somo la kwanza la programu, hisabati ya seti na mantiki, miundo ya data na algorithimu, hifadhidata, mfumo endeshi na mitandao ya kompyuta. Vyuo hutofautiana: kinachokuwa lazima mahali pamoja huwa hiari mahali pengine. Lakini popote pale, mwanafunzi asitumie hiari yake kuuhama msingi. Mjenzi anaweza kuchagua nyumba iwe na baraza au isiwe nayo. Hawezi kuchagua isiwe na msingi. Aliyeiruka miundo ya data kwa sababu ya hofu ataikuta tena ndani ya hifadhidata na ndani ya mitandao, nayo safari hii haitakuwa na mhadhiri wa kuieleza.

Jambo la pili ni mpangilio. Somo gumu lenye kuandika programu kila wiki halichukuliwi pamoja na ndugu zake wawili katika muhula mmoja, ikiwa kanuni za chuo zinaruhusu kuyatawanya. Kijana achukue moja la namna hiyo, aliweke karibu na somo la nadharia analolimudu na jingine la kuandika insha na ripoti. Kwa njia hiyo atapata saa za kukaa maabara bila kuyaibia masomo mengine. Haba na haba hujaza kibaba. Aliyeandika programu ndogo moja kila siku kwa miezi minne anamshinda aliyekesha usiku wa kuamkia mtihani.

Jambo la tatu ni namna somo linavyopimwa. Baina ya masomo mawili ya hiari, asiyejiamini asilifuate lile lisilo na mazoezi, ingawa ndilo linalomvutia. Alifuate lenye mazoezi madogo mengi yanayosahihishwa na kurudishwa. Somo lenye mtihani mmoja wa mwisho humwezesha mtu kuficha ujinga wake hadi siku ya kuumbuka. Somo lenye zoezi kila wiki humwonyesha kosa lake lingali dogo, na makosa madogo yaliyosahihishwa ndiyo yanayojenga imani. Imani ya kweli haipatikani kwa kuhubiriwa. Hupatikana siku programu iliyokataa kwa saa 5 inapokubali, na kijana akajua kwa nini ilikataa.

Jambo la nne linahusu kazi za makundi, na hapa tutasema kwa ukali kidogo. Katika vyuo vyetu imekuwa desturi kwamba kundi la watu watano likipewa kazi, mmoja huandika programu, na wanne hugawana kupiga chapa ripoti, kupamba jalada na kununua chakula. Alama hutolewa sawa kwa wote. Huu ni unyonyaji, lakini unyonyaji wa ajabu, kwa maana anayenyonywa na anayenyonya wote hupata hasara. Yule mmoja hugeuka mnyapara asiyetaka mwingine aguse kibodi kwa sababu anachelewesha. Wale wanne huwa kupe wanaohitimu bila damu yao wenyewe. Kijana asiyejiamini ndiye anayekubali kwa haraka kupewa ripoti, akidhani amesalimika. Tunamshauri aombe sehemu ya programu, iwe ndogo kiasi gani, mradi iwe yake. Nao wahadhiri wamuulize kila mwanakundi aeleze kwa kinywa chake mistari aliyoiandika. Ujamaa wa kweli ni wa watu wote kufanya kazi. Kugawana matunda ya kazi ya mmoja si ujamaa.

Jambo la tano ni kuhusu matawi. Haifai kuwaambia vijana kwamba kila aliyesoma kompyuta sharti ashinde akiandika programu maisha yake yote. Wapo wanaosimamia mitandao, wanaochambua takwimu, wanaolinda mifumo dhidi ya wahalifu, wanaobuni sura ya mfumo ili mwananchi wa kawaida aweze kuutumia, na wanaokaa baina ya ofisi na wajenzi wa mfumo wakieleza ofisi inataka nini. Kazi zote hizi ni za heshima na nchi inazihitaji. Tofauti ni moja tu, nayo ni sababu ya kuzichagua. Kijana ajiulize mwenyewe: Je, ningelichagua somo hili hata kama ningehakikishiwa kwamba nitafaulu masomo yote? Akijibu ndiyo, alichague kwa moyo mkunjufu. Akijibu la, ajue kwamba anakimbia, na anayekimbia hajui anakokwenda. Anajua anakotoka tu.

Tunajua kwamba kuna pingamizi la haki hapa, nalo halijibiwi kwa methali. Mtoto wa mkulima anayesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo hachezi na matokeo yake. Akifeli, anaweza kurudia mwaka au kukatishwa masomo, na nyumbani hakuna ng'ombe wa kuuza ili aanze upya. Mwenzake mwenye baba tajiri anaweza kulijaribu somo gumu, likamshinda, akalijaribu tena. Kwa hiyo ujasiri wa kuchagua haujagawanywa sawa, kama vile mali isivyogawanywa sawa. Kumwambia maskini awe jasiri bila kumpunguzia hatari ni kumwambia abebe mzigo ambao sisi hatuubebi. Ndiyo maana tunasema wajibu hauwezi kuachwa kwa mwanafunzi peke yake. Vyuo, iwe ni Kijitonyama, Dodoma, Arusha au Mbeya, havina budi kuangalia jinsi somo la kwanza la programu linavyofundishwa. Wanaoanza watenganishwe na waliokwisha kuanza, japo kwa muhula mmoja. Maabara zifunguliwe jioni na mwishoni mwa wiki. Wanafunzi wa miaka ya juu walipwe posho kidogo wawasaidie wa chini. Na mhadhiri anayejisifu kwamba katika somo lake hufeli nusu ya darasa aambiwe wazi kwamba hiyo si sifa. Mkulima ambaye nusu ya miche yake hukauka kila mwaka hatambi mbele za watu.

Lipo pingamizi la pili, nalo ni la siku hizi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ilipotolewa ChatGPT, watu wengi wameona kwa macho yao akili mnemba ikiandika programu kwa kuombwa tu. Vijana wanauliza: kuna haja gani ya kuhangaika na kazi ambayo mashine inaifanya? Tuwajibu kwa mfano ambao kila mtumishi wa umma anauelewa. Hati ya malipo huandikwa na mmoja na kuidhinishwa na mwingine. Anayeidhinisha bila kuweza kuisoma hakuidhinisha kitu. Ameazima mkono wake kwa aliyeandika. Mashine ikiandika programu ya kugawa dawa katika hospitali zetu, lazima awepo Mtanzania anayeweza kuisoma mstari kwa mstari na kusema hapa imekosea. Mashine hizo hukosea, tena hukosea kwa lugha ya kujiamini kabisa. Mtu aliyekimbia msingi ndiye atakayedanganywa kwanza. Tusipoangalia tutarudi kule kule tulikokuwa mwaka 1974: mashine ya wengine, na sisi tukingojea kuambiwa.

Kwa ndugu zetu walimu wa sekondari na wa msingi tunayo maneno machache. Acheni kuwaambia wanafunzi kwamba kompyuta ni ya "vipanga". Acheni kumpa mvulana kibodi na msichana kazi ya kuandika majina ya walioshika zamu. Mahali ambapo kompyuta hakuna, wafundisheni watoto kupanga hatua: waeleze kwa maandishi jinsi ya kugawa maji ya kisima kimoja kwa nyumba 10, kisha mwenzao azifuate hatua hizo kama zilivyo, na darasa lione zilipopinda. Mtoto aliyezoea kuandika hatua, kuzijaribu na kuzisahihisha bila kuchekwa, akifika chuoni hatashtuka programu inapomkatalia. Atajua kwamba kukataliwa ni sehemu ya kazi.

Na kwa watumishi wa umma, angalieni mnavyowapokea vijana wa mafunzo kwa vitendo. Kijana wa kompyuta anafika ofisini kwa wiki nane, na kwa wiki nane anatumwa kudurufu karatasi, kubadilisha wino wa printa na kumsaidia mkubwa aliyesahau neno lake la siri la kuingilia PEPMIS. Anaondoka akiamini kwamba hiyo ndiyo taaluma yake, na muhula unaofuata anachagua masomo kulingana na imani hiyo. Mpeni tatizo la kweli, hata likiwa dogo: orodha ya vifaa inayorudiwa kwa mkono kila mwezi, au ripoti inayochukua siku tatu kujumlishwa. Mpeni na mtu wa kumuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini kijana asiyekuwa na wa kumuuliza hubaki na ujinga wake bila kosa lake.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alieleza kwamba elimu yetu haina budi kumjengea raia mambo matatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine, akikubali au kukataa au kubadilisha kulingana na mahitaji yake, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Watu wengi huyakumbuka mashamba ya shule na majembe, wakalisahau hili la tatu. Mwalimu hakusema kwamba kujiamini ni kipaji ambacho wengine huzaliwa nacho na wengine hawanacho. Alikuweka miongoni mwa mambo ambayo elimu inapaswa kuyajenga. Kama ni hivyo, basi kijana anayefika mwaka wa pili wa chuo akiwa bado anaiogopa taaluma aliyoichagua mwenyewe hajashindwa peke yake. Tumeshindwa pamoja naye, na pamoja naye tunaweza kusahihisha.

Muhula ujao orodha itawekwa tena mbele yake. Jioni ya siku hiyo huenda akampigia simu mama yake aliye mwalimu, au mjomba wake aliye afisa wilayani, aseme kwamba kuna somo gumu la programu na lingine jepesi, naye hajui la kufanya. Ndugu msomaji, simu hiyo inaweza kuwa yako. Usimwambie achukue lililo rahisi apate alama. Wala usimwambie awe mwanamume, au awe mwanamke wa shoka, kisha ukakata simu. Muulize somo lipi ni msingi na lipi ni tawi. Muulize atakuwa na saa ngapi za maabara, na nani atamsaidia akikwama. Kisha mwambie kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba hakuna aibu katika kuinama.